Uadimu Una Sababu: Niliyosema Jumamosi Kuhusu Kusaka Fanki ya Zamani

Kwa wale ambao mvua iliwafungia ndani Jumamosi, haya ndiyo niliyosema kwenye kikao chetu cha wasikilizaji wa santuri hapa Dar, kuhusu kusaka fanki, ule muziki wa kucheza wa Wamarekani weusi unaobebwa na besi na drams, ambao Waafrika nao waliupiga kwa namna yao. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha, hamkosi kitu, nusu zilikuwa hazionekani.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, wadogo zangu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha, habari za jioni. Nashukuru mmekuja na mvua hii, na nashukuru zaidi kwamba mpaka sasa hakuna aliyeniuliza kama nitapiga amapiano.

Swali ninaloulizwa kila siku ni hili: kaka, hizi nyimbo unazitoa wapi? Fanki ya Mogadishu, disko ya Enugu, soul ya Addis, unazitoa wapi? Watu wanadhani kuna ghala mahali, au kuna Mzungu ananitumia. Na mimi huwa najibu swali kwa swali. Huu wimbo ulipoteaje? Maana wimbo mzuri haupotei hivi hivi jamani. Watu wameucheza, wametoa jasho, wengine wameoana kwa sababu yake, halafu baada ya miaka 30 hakuna anayeujua hata jina, hapo lazima kuna kitu kilitokea. Mpaka ulifungwa. Serikali ilipinduliwa. Bendi ilienda ziara ikagawanyika hukohuko. Mwimbaji aliokoka. Ukijua kilichotokea umeshajua na pa kwenda kutafuta. Ndio maana kabla sijagusa boksi la santuri nasoma historia kwanza, na mnisamehe, leo mtaisikia historia.

Tuanze hapahapa. Mwaka 1969 unaanza, Umoja wa Vijana wa TANU wako barabarani na Operesheni Vijana, minisketi marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Wazee wangu hapa mbele naona mnacheka, nani alikimbizwa? Haya. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, ikaja zamu ya muziki, soul ikapigwa marufuku Dar es Salaam. Soul! Ule muziki wa akina James Brown ambao vijana wa mjini walikuwa wanaucheza mpaka asubuhi, ukaambiwa ni wa kigeni na unaharibu vijana. Sasa mimi nawauliza, vijana waliacha?

Hawakuacha. Mwanzoni mwa miaka ya 70 hapahapa mjini ikatokea bendi inaitwa Sunburst, Watanzania na Wakongo ndani yake, wanapiga soul, wanapiga roki, wanachanganya na ngoma za kwetu. Mkiwasikia leo mtashangaa, ile besi inatembea, drams hazina haraka, halafu gita linaingia kwa kuchelewa kidogo kama mtu anayejua kwamba watu wanamsubiri. Lakini ukimtafuta Sunburst Kariakoo unapoteza nauli. Kwa nini? Kwa sababu albamu yao, Ave Africa, ya 1976, waliifanyia Zambia. Walienda kule kutafuta riziki, na Zambia ya wakati ule ilikuwa na bendi za vijana wanaopiga magita ya umeme kwa fujo kabisa, akina WITCH na wenzao, muziki ambao siku hizi dunia nzima inauita Zamrock. Miaka 40 ikapita mpaka lebo ya Strut, kampuni ya muziki ya London, ikazikusanya kazi zote za Sunburst mwaka 2016. Bendi ya Dar, santuri ya Zambia, nakala mpya ya London. Sasa wewe unakaa Sinza unasema hakuna fanki ya Tanzania. Ipo, ilisafiri tu.

Na ile ambayo haikusafiri? Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndiyo ya kwetu.

Tanzania hatukuwa na kiwanda cha santuri. Kiwanda kilikuwa Nairobi. Bendi ya Dar ikitaka santuri, kanda inaenda Kenya, au bendi yenyewe inapanda basi inaenda kurekodi hukohuko. Zilizobaki nyumbani zilirekodiwa Radio Tanzania kwa ajili ya kurushwa hewani, kwenye zile kanda kubwa za duara, zikapigwa Jumapili mchana, zikarudishwa kwenye shelfu. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Mnaelewa maana yake? Miaka yote hiyo ambayo dunia inacheza fanki na disko, ambayo kila nchi inatoa singo, zile santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, kwa maelfu, sisi njia ya kwenda kiwandani imezibwa. Bendi zilikuwepo, tena nyingi, za kiwanda cha Urafiki, za Vijana, za Polisi, za JKT, wapigaji wameajiriwa na mshahara wanapokea. Afro 70 ya Patrick Balisidya imetuwakilisha kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka huohuo wa 1977. Muziki upo, santuri hakuna. Kwa hiyo mtu anayetaka muziki wa Dar wa miaka ile kwenye vinili, yaani santuri za plastiki, atazunguka soko zima arudi mikono mitupu aseme hapakuwa na kitu, kumbe anatafuta kitu sahihi kwenye umbo lisilo lake. Tafuta kanda. Tafuta kaseti ambazo baba wa mtu alirekodi kutoka redioni akiwa amebonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na sauti ya mtangazaji imo, na jogoo wa jirani yumo.

Naomba niwape kisa. Kuna mama mmoja Magomeni, nilielekezwa kwake na mpwa wake. Nimefika, nimeamkia, nimepewa kiti, nimepewa chai, hakuna aliyetaja santuri kwa saa nzima, tunaongea habari za maji kukatika. Mwishowe akaniuliza, "Mwanangu, unataka zicheze au unataka uziuze?" Nikamwambia mama, nataka zicheze. Akaenda chumbani akarudi na sanduku la bati la shule, lile lenye komeo, ndani singo zimefungwa moja moja kwenye kurasa za gazeti la Uhuru. Moja moja! Jaketi zilishachanika zamani, akakata magazeti akazitengenezea nyingine.

Sasa wadogo zangu mnaoanza, sikilizeni jinsi ya kuishika singo kama zile. Usiishike katikati ya mistari, vidole vyako vina mafuta, ishike ukingoni na kwenye lebo, ile karatasi ya katikati. Igeuze mwangani, kunja macho, uangalie. Mikwaruzo myembamba kama nywele isikutishe, ile inalia kidogo tu halafu muziki unaifunika. Inayotisha ni ile unayoisikia kwa ukucha. Halafu soma kila kitu. Karibu na lebo kuna sehemu laini ambayo haina muziki, pale kuna namba imechorwa, mara nyingine kwa mkono wa fundi wa kiwandani, hiyo namba ndiyo inayokwambia santuri ilitoka kiwanda gani na ni toleo lipi, hata kama lebo imeliwa na mende. Hiyo ndiyo namba ya kuitafuta kwenye Discogs, ile tovuti ya orodha za santuri, sio jina la wimbo, majina ya nyimbo zetu yameandikwa vibaya kila mahali. Angalia muhuri wa duka. Angalia kalamu. Kwenye moja ya zile za Magomeni kulikuwa na maandishi ya wino wa bluu, "Usiazime", na chini yake mwandiko mwingine, "nimeazima". Huo ni ushahidi kwamba wimbo ulipendwa, hakuna chati inayokupa taarifa kama hiyo.

Lakini kitu cha maana zaidi hakikuwa kwenye sanduku. Kuna singo ya Nairobi mule, lebo inataja jina la bendi na jina la prodyuza, basi. Yule mama akasema bila hata kuivua gazeti, hapa anayepiga besi ni shemeji yangu. Hakuna tovuti yoyote duniani inayojua hilo. Nilinakili muziki wote pale sebuleni kwake, santuri zikarudi sandukuni, komeo likafungwa. Sikununua hata moja.

Tumetaja Nairobi. Wenzetu kule walikuwa na kiwanda, walikuwa na River Road imejaa maduka na maprodyuza, walikuwa na hoteli za watalii zinazotaka bendi ya kupiga muziki wa kizungu jioni. Ndio maana fanki yao ilipata vinili. Mombasa walikuwa na Slim Ali na Hodi Boys, kijana wa Kimvita anaimba soul ya Kiingereza mpaka unasahau kwamba mtaani kwake adhana inasikika kila kona. Matata wao wakaenda mpaka London, wakarekodi kule miaka ya 70, na ule wimbo wao "I Wanna Do My Thing" madijei wa Uingereza waliusaka kwa udi na uvumba miaka mingi baadaye. Lebo ya Soundway ikatoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka 2013, nyimbo 32, ikarudia 2016 na wa pili, na mpaka leo ukienda Kenyatta Market pale Nairobi, katikati ya nyama choma na wasusi wa nywele, kuna kibanda cha santuri kimejaa mpaka juu. Nendeni. Ila nendeni mmeshiba, moshi wa nyama unaharibu umakini.

Sasa tupande kaskazini.

Ndugu zangu, kati ya watu wote waliopiga fanki Afrika ya Mashariki, mimi moyo wangu uko Mogadishu. Najua kuna watakaobisha, wabishe. Ukisikia Dur-Dur Band mara ya kwanza huelewi uko wapi, besi ya Kimarekani, gita la rege, sauti ya mwimbaji inapanda kama qasida, kibodi inalia kama filamu ya Kihindi, na yote yanakaa sawa. Hawa ni jirani zetu. Barawa pale watu wanaongea Chimwini, Kiswahili cha ndugu zetu kabisa, na sisi tulikuwa hatujui kwamba huko juu kidogo kulikuwa na disko la namna ile.

Kwa nini hatukujua? Haya, tutafute sababu. Siad Barre alichukua nchi 1969, na serikali yake ikaushika muziki mkononi, wasanii wengi wakawa waajiriwa wa serikali. Kundi la Waaberi lilikuwa la taifa. Iftin walikuwa bendi ya Wizara ya Elimu, hebu fikiria, Wizara ya Elimu ina bendi ya fanki. Kurekodi ni redio ya serikali. Santuri za kibiashara zilikuwa chache mno, muziki ulitembea kwa kaseti, mtu ananakili kwa mtu, duka linanakili kwa wateja. Bendi binafsi kama Dur-Dur na Shareero waliishi kwa kupiga mahotelini. Kwa hiyo muziki wote wa nchi nzima ulikaa sehemu mbili, kwenye maktaba za redio na kwenye kaseti za watu. Halafu vita ikaja.

Mwaka 1988 ndege za serikali ya Barre zilipiga mabomu mji wa Hargeisa, mji wa nchi yake mwenyewe. Na kabla mabomu hayajamaliza kila kitu, watu wa Radio Hargeisa walifanya jambo ambalo mimi kila nikilisimulia nasimama kidogo. Walizitoa kanda na kaseti za redio, wakazitawanya, nyingine zikavushwa mpaka Djibouti na Ethiopia, nyingine wakazifukia ardhini. Walichimba mashimo wakazika muziki, ili siku amani ikirudi waufukue. Na waliufukua! Leo Hargeisa kuna kituo cha utamaduni cha Redsea chenye kaseti zaidi ya 10,000, na kutoka humo ulitoka ule mkusanyiko wa Sweet as Broken Dates wa lebo ya Ostinato mwaka 2017, ukateuliwa mpaka kwenye Grammy. Nauliza tena, huu muziki ulikuwa umepotea? Ulikuwa umefichwa na watu wenye akili timamu, waliojua wameweka wapi.

Mogadishu nako, Samy Ben Redjeb wa lebo ya Analog Africa, jamaa ambaye aliwahi kusaka santuri Afrika akiwa mhudumu wa ndege, alienda 2016 na walinzi wenye bunduki, akaingia maktaba ya Radio Mogadishu. Kilichomvutia kilikuwa lile rundo pembeni ambalo halikupangwa, kanda ambazo hakuna aliyejua kilichomo. Humo ndimo alimopata sehemu kubwa ya kilichokuja kuitwa Mogadisco, 2019. Wasakaji wenzangu, andikeni hilo: shelfu iliyopangwa vizuri imeshapitiwa. Uliza rundo liko wapi.

Na wapigaji wenyewe? Wametawanyika, wengine London, wengine Ohio huko Marekani. Hiyo ndiyo jiografia ya fanki ya Somalia, Hargeisa, Djibouti, Columbus Ohio. Hakuna ramani inayokupa hiyo ila historia ya vita.

Ethiopia ni hadithi inayofanana lakini na utamu wake. Enzi ya mfalme, haki ya kutoa santuri ilikuwa ya taasisi moja tu ya kifalme. Mwaka 1969 kijana mmoja mwenye duka la muziki, Amha Eshete, akasema nyie tukamateni tu, akaanzisha Amha Records bila ruhusa. Kwa miaka michache ile Addis ikawaka. Halafu 1974 wanajeshi wa Derg wakamng'oa mfalme, ikaja amri ya kutotoka usiku. Kwenye vilabu na mahoteli wakapata ujanja, amri inasema usitoke usiku, sawa, hatutoki. Mlango unafungwa, wateja na bendi wote ndani, muziki mpaka alfajiri. Bendi ya Walias iliishi hivyo pale Hilton, na mpiga kibodi wao alikuwa Hailu Mergia.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 Walias wakaenda ziara Marekani. Wengine wakarudi, wengine wakabaki. Mergia alibaki Washington. Mwaka 1985 akatoa kaseti peke yake, akodioni, kibodi na mashine ya kupiga drams, kaseti ikauzika Ethiopia, yeye maisha yakamshika akawa dereva teksi. Miaka mingi! Abiria wanashuka uwanja wa ndege wa Dulles, wanampa chenji, hawajui aliyewaendesha ni nani. Na alikuwa anabeba kibodi kwenye buti. Akiwa kwenye foleni ya teksi anasubiri abiria, anaitoa, anakaa nayo kwenye gari, anapiga. Kaseti yake ikaokotwa dukani Bahir Dar na Brian Shimkovitz, Mmarekani mwenye lebo ya Awesome Tapes From Africa, akamtafuta, akampigia simu, ikatoka upya 2013. Mergia akarudi jukwaani, na 2018 akatoa albamu mpya kabisa. Niwaambie ukweli, ile ya 1985 mimi naipenda kuliko kitu chochote cha Walias, na najua mashabiki wa Ethiopia mnataka kunirushia viatu. Ile mashine ya drams haina roho hata kidogo, ndio maana akodioni inasikika ina roho mbili.

Shimkovitz huyohuyo alinunua kaseti barabarani Cape Coast, Ghana, mwaka 2002. Ya mtu anaitwa Ata Kak. Rapu ya haraka haraka ya Kitwi juu ya disko ya kompyuta, ukiisikia lazima ucheke kwanza halafu ucheze. Akaiweka mtandaoni 2006, watu wakapagawa, lakini mwenyewe hapatikani. Hapatikani kabisa. Sababu? Ata Kak aliirekodi Toronto, Kanada, akaitoa 1994, kopi kama 50 hivi. Hamsini! Sisi hapa leo tumezidi. Unamtafuta Ghana mtu ambaye muziki wake ulizaliwa Kanada. Walipompata hatimaye, ile kanda mama ilikuwa imeharibika, ikabidi toleo la 2015 litengenezwe kutoka kwenye ile kaseti ya barabarani. Kwa hiyo kama leo una kaseti ya mtu usiyemjua, usirekodie hotuba ya harusi juu yake, tafadhali, nawaomba.

William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, nitampitia haraka kwa sababu wengi mnamjua. Alijitolea santuri mwenyewe kati ya 1977 na 1985, masinitesaiza ambayo hakuna aliyejua ameyapataje, halafu akaokoka, akaufunga mlango. Mfanyabiashara, mwenye kinu cha unga. Watu wa lebo ya Luaka Bop walihangaika naye miaka mpaka mkusanyiko ukatoka 2013, na bado habari za muziki hakutaka kuzungumza, alitaka kuzungumza habari za Yesu. Akafariki Januari 2017. Kuna uadimu wa namna hiyo pia, mtu mwenyewe hataki. Muheshimu.

Kuna kitu kimoja zaidi, upande B. Mwaka 1972 Cameroon wanaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, mpiga saksofoni wao Manu Dibango anaombwa atunge wimbo wa kuhamasisha timu. Akatunga, upande A. Upande B akaweka kitu chake, Soul Makossa. Cameroon kombe hawakulichukua, Congo Brazzaville walilichukua, na wimbo wa timu nani anaukumbuka leo? Hakuna. Lakini New York kulikuwa na jamaa anaitwa David Mancuso, anapigisha disko nyumbani kwake, akaiona ile singo kwenye duka la Wakaribi Brooklyn, akageuza upande wa pili. Watu wakawehuka. Redio zikaidaka, kopi zikaisha mjini, bendi nyingine zikakimbilia kuipiga upya ili ziuze kabla ya yenyewe kufika. 1973 ikaingia kwenye 40 bora za Marekani, ya 35. Ule mstari wa "mamako mamasa" mmeusikia kwa Michael Jackson, mmeusikia kwa Rihanna, na Dibango ilibidi aende na mawakili. Yote hayo kwa sababu mtu mmoja aligeuza santuri. Nyie mna singo za Nairobi nyumbani ambazo upande wa pili haujaguswa na sindano tangu zinunuliwe. Upande A ulikuwa wa kuuza, wa prodyuza. Upande B bendi iliachiwa ipige inachotaka, na bendi ikiachiwa inapiga fanki.

Kabla sijamaliza nataka kuongea na madijei wenzangu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuna ugonjwa wa kuficha. Ni wa zamani, siwasingizii. Dijei Kool Herc kule Bronx, New York, alikuwa analoweka santuri kwenye maji lebo zibanduke ili wapinzani wasisome jina. Kaskazini mwa Uingereza, madijei wa soul wa miaka ya 70 walikuwa wanabandika lebo ya uongo, jina la uongo, msanii wa uongo. Mimi naelewa, ni biashara, ndio mkate wako. Lakini fikiria Herc alikuwa anaficha wimbo wa mtu ambaye angalau ana kampuni nyuma yake Marekani. Wewe unayeficha jina la bendi ya Tanga unamficha mzee ambaye hajawahi kulipwa chochote na bado yuko hai, anaumwa mgongo, na mjukuu wake angeweza kuuona huo wimbo kwenye simu aseme babu huyu si ni wewe? Taja majina. Ukipiga, taja.

Na ukimpata mzee mwenyewe, usianze na bei. Mwamkie, kaa, sikiliza. Muulize nani alipiga nini, nani alitunga, walirekodi wapi, andika palepale maana wiki ijayo hutakumbuka. Akikubali muziki utoke tena, mkataba uwe wa maandishi, kwa Kiswahili, asome yeye na mtoto wake, useme ni miaka mingapi na ni asilimia ngapi, na kazi iandikishwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lake yeye sio lako. Kuna jamaa alipita uswahilini kwetu akabeba maboksi kwa bei ya kuku wawili, sitamtaja, na mnaomjua msimtaje. Lebo nilizozitaja leo zinatafuta wenyewe, zinasaini nao, ndio maana zinachukua miaka. Anayefanya haraka muulize maswali.

Basi, maswali tutayachukua tukiwa tunakunywa chai. Pale kona kuna meza ya kuosha santuri, kijana wetu yupo na beseni na vitambaa, ni bure. Vinili, zile za plastiki, maji safi na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kufuata mistari, lebo isilowe, kausha kabla hujairudisha kwenye jaketi. Lakini waliokuja na zile nzito za 78 za babu, zinazovunjika zikidondoka, msikubali mtu apake spiriti, tafadhali, spiriti inaziyeyusha mbele ya macho yako. Mzee wangu wewe mwenye mfuko wa Uchumi, naona unazo tatu humo, njoo uwe wa kwanza.